Namba ya mgongoni muulizeni mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Salaam kwanza. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Temeke, gazeti lenu nalisoma kuanzia nyuma kama wanaume wengi wa kijiweni kwetu, michezo kwanza, siasa baadae kama chai bado haijaisha. Sasa wiki iliyopita mwandishi wenu mmoja, jina simtaji manake siku zote anaandika vizuri tu na mi sina ugomvi nae, katuletea makala kwamba wachezaji wa siku hizi wanaharibu mpira kwa kuvaa manamba ya ajabu, mara 67 mara 77 mara 99, kwamba ni utoto na kutafuta kiki, na kwamba wakubwa wa mpira wapige marufuku namba yoyote inayozidi 25. Kijiweni tukaisoma kwa sauti, nusu wakacheka nusu wakakubali, ndo nikasema hapana, hii naiandikia barua.

Hasira yake najua inatoka wapi. Sie huku namba sio namba, namba ni kazi. Mtu akikwambia "mi nacheza namba sita" humuulizi jezi yake imeandikwa nini, ushajua ni yule wa kukata umeme pale kati. Wakisema "namba tatu yao uchochoro" ushajua beki wa kushoto anapitika kama anavyopitika. Na ukisikia dogo wa mtaani kapata namba timu fulani, hawajampa kitambaa chenye tarakimu, wamempa nafasi ya kuanza, na siku akianza kukaa benchi tunasema kapoteza namba hata kama jezi anayo kabatini. Kwahiyo mtu aliyekulia kwenye lugha hii akimuona straika kavaa 45 anaona kama vile mtu kaenda kazini na sare ya ofisi nyingine. Namuelewa kabisa.

Na wala haikutoka hewani hiyo. Waingereza walipoanza kujaribu namba kwenye ligi yao, Agosti 25 mwaka 1928, Arsenal walipokua wageni wa Sheffield Wednesday na siku hiyohiyo Chelsea wakicheza na Swansea, namba ilikua inafuata nafasi uwanjani. Ila hata wao walibabaika. Fainali ya kombe la FA 1933 Everton walivaa 1 mpaka 11 na Manchester City wakavaa 12 mpaka 22, yaani siku ile City nzima ilikua na namba ambazo mwandishi wenu angeziita za kihuni, na walichofanywa ni kufungwa 3-0 tu, hakuna aliyewaambia ni watoto. Ligi yao ikalazimisha namba 1939, alafu ikakaa hivohivo mpaka 1993 Premier League ilipoanza ule mtindo wa mchezaji kupewa namba moja ya msimu mzima na jina lake juu. Hapo ndo namba na nafasi zikapeana talaka. Kikosi kina watu karibu 30, namba za kazi ni 11, sasa hao wengine wavae nini, herufi?

Lakini hiyo sio iliyoniudhi. Kilichoniudhi ni kuitaja 67 kama mfano wa namba isiyo na kichwa wala miguu.

Mhariri, 67 ilivaliwa na jirani yetu. Victor Wanyama alipotoka Beerschot ya Ubelgiji kwenda Celtic ya Glasgow mwaka 2011 alikua kijana wa miaka 20, mtoto wa Nairobi, na angeweza kuomba namba yoyote iliyokua wazi. Akachukua 67. Kwa mtu wa Celtic hiyo sio namba, ni mwaka. Ni Mei 25, 1967 pale Lisbon, Celtic wanatanguliwa na Inter Milan kwa penati, wanasawazisha, wanashinda 2-1, wanakua timu ya kwanza ya Uingereza kubeba kombe la klabu bingwa Ulaya, na kikosi chote walikua watoto waliozaliwa ndani ya maili 30 tu kutoka nyumbani kwa klabu. Wanaitwa Simba wa Lisbon mpaka leo (mashabiki wa Yanga mnisamehe, sio mimi niliyewapa jina). Na sasa sikiliza utamu wake: wale Simba wenyewe migongoni hawakua na namba yoyote. Celtic enzi hizo walikataa kuchafua ile mistari yao ya kijani na nyeupe, namba waliziweka kwenye bukta. Kwahiyo kijana wa Kiafrika kaja miaka arobaini na kitu baadae kaubeba mgongoni mwaka wa watu ambao wao wenyewe migongo yao ilikua mitupu. Huo ndo utoto? Mi naona ni adabu ya mgeni anayejua kuingia nyumba ya watu.

Alafu Novemba 7, 2012 ikafika. Celtic na Barcelona, klabu bingwa Ulaya, wiki ileile Celtic wanatimiza miaka 125. Sie tulikua kibanda umiza, buku mbovu mkononi, mabenchi yamejaa mpaka watu wamekalia ndoo, na nusu ya watu mle ndani wamekuja kumuangalia Messi. Dakika ya 21 kona inapigwa na Charlie Mulgrew, mtu anapaa kule nyuma anagonga kichwa, wavu. Mzee mmoja mbele yangu akauliza "huyu 67 wamemtoa wapi, ni mchezaji wa akiba?" na kijana mmoja wa Kikenya anayefanya kazi gereji jirani akasimama juu ya benchi, akageuka akatupa mgongo, akawa anajipiga mgongoni kwa mkono anapiga kelele "sita saba! sita saba! ni wetu huyo!" mpaka benchi likakatika. Mechi ikaisha 2-1, Messi kapata lake dakika za mwisho kabisa. Kuanzia siku ile pale kibandani hakuna mtu aliyeuliza tena 67 ni nini. Wanyama alipoenda Southampton na Tottenham akavaa 12, namba safi ya kawaida, na mi wala siikumbuki kirahisi hivo.

Na Samatta wetu je? Alipotua Genk Januari 2016 akitoka Mazembe alikua na 77 mgongoni, baadae ndo akaja kuvaa 10 na kufunga kama mashine. Alipokua na 77 hapa Dar hatukusema ni mtoto, tulikua tunatafuta jezi ya Genk kwa tochi. Meddie Kagere pale Simba alikua straika na jezi 14, mpaka watu wakamuita MK14 kama aina ya gari, akachukua kiatu cha mfungaji bora misimu miwili mfululizo, mbona hatukusikia makala. Asamoah Gyan wa Ghana, mshambuliaji wa kati, kavaa 3 miaka nenda rudi, namba ya beki wa kushoto! Ile Julai 2, 2010 Johannesburg, kombe la dunia, Suarez wa Uruguay kaudaka mpira kwenye mstari kama kipa, penati ya dakika ya mwisho kabisa, namba 3 anakwenda kupiga na Afrika nzima imeshika kichwa, na mpira ukagonga mtambaa panya. Nililia mimi, mtu mzima na watoto wawili. Sikusema "ndo ubaya wa kumpa straika namba ya beki". Na tusisahau mwanaume yule alirudi dakika chache baadae kwenye matuta akapiga la kwanza la Ghana, akafunga.

Sasa ngoja nikupe ya kwangu, manake mi kwenye hili sio mtazamaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikua nacheza mchangani na timu yetu ya mtaa. Tulichangishana, kila mtu kwa uwezo wake, tukapata hela ya kutosha kuachana na mtindo wa kucheza vifua wazi kwa mashati, tukamtuma katibu aende Karume kwenye mitumba atafute seti. Akarudi na kiroba, jezi kumi na tano za njano, nzito hizo, zimetoka kwenye belo la Marekani, inaonekana zilikua za timu ya watoto wakubwa wa shule fulani huko wanaocheza michezo yao. Tulipozimwaga chini tukakaa kimya. Hamna 1. Hamna 10. Hamna 9. Kulikua na 5, 12, 31, 40, 44, 55, 71, 88 iliyoandikwa juu yake MILLER, na 23 mbili. Mbili! Kocha wetu, fundi viatu mmoja mwenye busara sana, akasema zigawiwe kwa kimo, sio kwa nafasi, manake nyingine ndogo. Kipa akapata 40. Straika akaangukia ile 88 ya MILLER na kuanzia hapo akawa anaitwa Mila, na wageni wakidhani tumemfananisha na Roger Milla wa Kameruni, akawa anakimbilia kona akifunga acheze na kibendera kama Milla mwenyewe, ili mradi jina lisipotee. Mi beki wa kushoto, namba tatu kwa kazi, nikapata 55.

Tatizo likawa zile 23. Moja alivaa winga wetu wa kulia, nyingine sentahafu. Refa wa bonanza la kwanza akasema hachezeshi watu wawili namba moja, na alikua na haki yake. Fundi umeme wetu akatoa ile tepu nyeusi ya kufungia waya, akakata vipande viwili vifupi, akaziba upande wa kushoto wa ile 3 ya sentahafu juu na chini, ikawa 28 nzuri kabisa, ukikaa mita tano hujui. Mechi ikaanza. Kipindi cha kwanza winga wetu kamvuta mtu jezi, kadi ya njano, refa kaandika 23. Sawa. Kipindi cha pili jua la saa tisa, jasho, vumbi, tepu ikaanza kuachia taratibu, mi niliiona kwa macho yangu inaning'inia kama mkia wa mjusi nikataka kumwambia jamaa lakini mpira ukaja upande wangu. Dakika kumi za mwisho sentahafu kamchezea mtu vibaya. Refa kaja, kamgeuza, kaangalia mgongo: 23. Kafungua kadaftari kake: 23 ana njano. Nyekundu, toka nje. Mhariri, hapakukalika. Winga anapiga kelele "23 ni mimi!" na huku ndo anajichoma, sentahafu anasema yeye ni 28, refa anasema 28 iko wapi, kepteni wetu yuko chini kwenye majani anatafuta vipande vya tepu kama mtu aliyedondosha pete. Kimoja akakipata kimenata kwenye soksi ya mpinzani! Akampelekea refa. Refa akakiangalia, akakirudisha, akasema mi naandika ninachokiona. Tukacheza kumi, tukafungwa goli la dakika za mwisho. Pale nilijifunza namba ni ya nani: ni ya yule mwenye kalamu. Ye hajui sura yako, hajui mama yako, anajua tarakimu tu.

Ila nje ya uwanja ikawa yangu. Mpaka leo sokoni Tandika kuna mama muuza mchicha hajui jina langu la shule, ananiita Tano Tano, na mwanangu wa kwanza shuleni aliitwa mtoto wa Tano Tano. Mi ile namba sikuichagua, ilichaguliwa na belo la mitumba na urefu wa mabega yangu. Lakini uniambie leo niiache nivae 3? Siwezi bwana.

Kwahiyo nikisoma habari za Ivan Zamorano wa Chile simcheki. Alikua na 9 pale Inter, mwaka 1998 akaja Roberto Baggio kachukua 10, Ronaldo yule Mbrazili aliyekua na 10 ikabidi ahamie 9, na Zamorano akabaki hana kitu. Akachukua 18, akaenda kuweka kijialama cha kujumlisha katikati, 1+8. Hesabu ya darasa la kwanza, jibu tisa. Mtu kanyang'anywa kiti akaenda kukaa mlangoni, lakini kakaa. Balotelli nae na 45 yake alikua anasema hivohivo, nne na tano jumlisha mwenyewe. Na Hicham Zerouali wa Moroko pale Aberdeen ya Scotland, mashabiki walikua wanamuita Zero kwa kukata jina lake, wakampa jezi namba 0, sifuri kabisa mgongoni, mpaka ligi yao ikaja kuipiga marufuku. Huyu alifariki kwa ajali ya gari kwao mwaka 2004, ana miaka 27 tu. Waliomuona Aberdeen bado wanamtaja kwa sifuri yake.

Mwandishi wenu anasema zamani kulikua na nidhamu. Zamani ipi? Argentina kombe la dunia 1978, walilobeba wenyewe nyumbani, waligawa namba kwa alfabeti! Namba 1 alivaa Alonso ambaye ni kiungo, Ardiles akavaa 2, kipa Fillol akadaka fainali na 5 mgongoni, makipa wenzie wana 3 na 13, kepteni Passarella beki kavaa 19. Kempes alipata ile 10 kwa bahati ya herufi K tu, akaja kuwa mfungaji bora wa mashindano. 1982 wakarudia tena, Ardiles safari hii kavaa 1, kiungo fundi kabisa kavaa namba ya kipa, na aliyeachiwa achague ni kijana mmoja tu anaitwa Maradona, mnajua alichagua ngapi. Na Brazil 1958 kipa wao Gilmar alidaka na 3 mgongoni. Kwahiyo hiyo nidhamu ya zamani naomba tuonyeshwe ilikua chumba gani.

Tukija kwenye basketi ndo utaona namba inaweza kuwa sheria ya vidole. Waliokua wanaenda pale Don Bosco Upanga watakumbuka, timu nyingi zilikua zinavaa 4 mpaka 15 tu, mi nilikua nadhani ni uhaba wa kitambaa. Kumbe ni sheria ya FIBA, wale wakubwa wa basketi duniani, refa akipiga faulo anawaonyesha watu wa mezani namba ya mchezaji kwa vidole, sasa ukiwa na mchezaji namba 1, 2 na 3 itachanganywa na pointi na mitupo. Mpaka 2014 ndo wakafungulia kwenda 99, na 0 na 00. Na Marekani kwenye vyuo walikua na yao, tarakimu zisizidi 5, kwa sababu mkono una vidole vitano, kwahiyo 34 ruksa, 55 ruksa (eh, ningecheza!), lakini 67 au 88 huipati, na hilo wamelifungua juzijuzi tu 2023. Mtoto wetu Hasheem Thabeet alivaa 34 pale chuo cha Connecticut, tatu na nne, vidole vinatosha, akaenda nayo Memphis baada ya kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA 2009. Angekua anacheza mashindano ya FIBA kipindi kile na timu ya taifa, hiyo 34 angeiacha mlangoni.

Na huyo Michael Jordan mnaemuabudu wote na 23 yake, Februari 14 mwaka 1990 pale Orlando jezi yake iliibiwa kabla ya mechi. Haipo. Wakatafuta ya kumtosha wakakosa, akavaa 12 isiyo na jina. Akafunga pointi 49. Timu ikafungwa, lakini 49 na jezi isiyo yake. Mi nikisoma hiyo nacheka peke yangu, manake katibu wetu angekuwepo angewauzia 55.

Sasa nisionekane natetea kila kitu. Kuna namba moja mwandishi wenu hakuigusa na ndo ingestahili makala nzima, nayo ni 88. Ndio, ile ya Mila wetu. Kule Ulaya wafuasi wa Hitler wanaitumia kama salamu ya siri, herufi H ni ya nane kwa hiyo 88 ni HH, ile salamu yao. Buffon alivaa 88 Parma mwaka 2000, mwenyewe akasema hakujua kitu, alitaka 00 wakamkatalia, lakini Wayahudi wa Italia walilalamika na akaibadilisha kuwa 77. Na 2023 Italia wakakubaliana namba hiyo isivaliwe tena kabisa, Pasalic wa Atalanta aliyekua nayo akahamia 8. Hapo sina neno, hiyo imebeba damu ya watu, ikae pembeni. Lakini huku kwetu vijana waliozaliwa 1988 na hao wanaonunua mitumba wanaivaa bila hata kujua, mi mwenyewe nilijua nimeshapita miaka arobaini, na siku namwambia Mila alinyamaza kidogo akasema "kaka, kumbe nilikua nacheza na bendera zile na huku..." hakumaliza. Hiyo ndo kazi ya gazeti, kutuambia vitu kama hivo, sio kutuambia 67 ni kiki.

Na kuna namba haivaliwi kwa sababu nyingine. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alidondoka uwanjani Lyon, Juni 26, 2003, nusu fainali ya kombe la mabara na Colombia, hakuna aliyemgusa, na hakuamka. Msimu ule alikua Manchester City kwa mkopo, na goli la mwisho la City kwenye uwanja wao wa zamani wa Maine Road ni yeye aliyelifunga. City wakaiweka 23 kabatini. Tangu hapo wamepita matajiri na mastaa wa kila aina, 23 haijatoka.

Jambo jingine dogo, la mfukoni. Kama kuna kiki ya namba inayoniuma ni ile ya kubadilisha. Mpwa wangu alijichanga akanunua jezi, akalipia kuchapwa jina na namba, duka linachaji kila tarakimu na hela yake, na haikupita wiki tatu mchezaji wake kahamia namba nyingine, dogo kabaki na jezi ya mtu asiyekuwepo. Nicklas Bendtner alipoihama 26 kwenda 52 pale Arsenal 2009 alitangaza atawalipa mfukoni mwake walioshanunua jezi yenye namba ya zamani. Watu wanamcheka sana yule Mdenmark kwa mengi, kwa hilo mi nampa mkono. Kwetu hata samahani hakuna.

Ombi langu basi, Mhariri, ni mawili na hayana gharama. La kwanza mkichapa vikosi vya mechi rudisheni namba pembeni ya majina, manake sa hizi mnaandika majina matupu na sie tunaosikiliza redioni huku tunasoma gazeti hatujui nani ni nani. La pili huyo mwandishi wenu msimfukuze wala msimkaripie, mpeni nauli tu. Kwenye ligi yetu kuna vijana wana 60 na kitu, wana 90 na kitu, kuna mmoja kila nikimuona na namba yake najiuliza ni mwaka wa mamake, ni namba ya nyumba, ni daladala aliyokua anapanda kwenda mazoezini au ndo ilikua imebaki peke yake kwenye kiroba. Aende mazoezini, asubiri wamalize, ampe maji, amuulize "mdogo wangu, hii kwanini?" alafu aandike atakachojibiwa, hata kama jibu ni "sijui bro, nilipewa". Mi nitalinunua hilo gazeti nakala mbili, moja ya kwangu na moja ya mama wa mchicha.

Jezi yangu ipo bado. Mgongoni 5 moja imebanduka nusu, mke wangu aliishona na uzi wa njano usiofanana, na nikiivaa Jumapili kwenye mechi za maveterani marefa vijana wanasogea karibu kuisoma vizuri kabla hawajaandika.

Wenu,
Tano Tano, namba tatu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam.